Wanyonya Damu Wakipigana, Damu Hulipwa na Nani?

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno, mumiani. Awali lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyouzwa madukani, iliyosadikiwa kuwa imetokana na miili ya watu. Baadaye neno likaiacha dawa likamshika mtu, na mumiani akawa yule atembeaye usiku akitafuta damu ya binadamu. Enzi za mkoloni, mjini Nairobi na Kampala, ilisemwa kwamba wazimamoto ndio wanaokamata watu na kuwanyonya. Na mwaka 1947 umati uliojaa hasira ulikishambulia kituo cha zimamoto cha Mombasa kwa sababu ya uvumi huo huo. Mkoloni alicheka na kuandika kwamba Mwafrika ni mshirikina asiyejua kazi ya gari jekundu.

Sisi hatuwacheki wazee wale. Walikuwa wamechukuliwa ardhi, mifugo na nguvu za mikono, wakatozwa kodi ya kichwa, na hawakuona kilichorudi. Wakasema, basi kuna anayetunyonya, na mali yake huuzwa mbali. Tena walimweleza barabara. Mumiani wao hakuwa zimwi la msituni. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye sare, mshahara na gari la serikali. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi haya kote Afrika Mashariki na kuyatoa katika kitabu mwaka 2000. Mwaka huo huo, mumiani wawili wa namna hiyo hiyo, wenye sare na magari, walipigana wao kwa wao katikati ya jiji la watu, na habari yao ndiyo tunayokusudia kuieleza.

Jiji ni Kisangani, nchini Kongo. Wapiganaji walikuwa jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda. Walipigana kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, na hakuna kati yao aliyekuwa na shamba wala kaburi la babu yake pale.

Ndugu msomaji wa Gataka, Kitengela au Kajiado mjini huenda akatuuliza: Kisangani yatuhusu nini, ilhali hapa kwetu twahangaika na maji na hatimiliki za ardhi? Swali ni la haki. Kongo imekuwa mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022. Malori yanayoelekea huko huanzia bandari yetu ya Mombasa. Vijana wetu wa jeshi walipelekwa Goma Novemba 2022, wakaondoka Desemba 2023. Lakini sababu kubwa zaidi ni jambo ambalo serikali yetu ililifanya mwaka 2021, bila kelele, na ambalo mtu hawezi kulielewa vyema asipoijua kwanza habari ya Kisangani. Tutalifikia.

Kisangani si kijiji cha porini. Ni jiji lililoko kwenye maporomoko ya mto Kongo, pale Wagenia wanapovua samaki kwa mitego mikubwa iliyofungwa kwenye miti katikati ya maji. Wabelgiji waliliita Stanleyville. Tippu Tip wa Zanzibar alifanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887, kwa hiyo Kiswahili kimesikika pale kwa zaidi ya karne moja. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika jiji hilo kabla siasa haijamwita. Lina kanisa kuu, chuo kikuu, hospitali na uwanja wa ndege. Na, kwa bahati mbaya yake, ni soko la almasi.

Wapiganaji hawa walianza kama marafiki wa chanda na pete. Kwa pamoja walimsaidia Laurent Kabila kumwangusha Mobutu mwezi Mei 1997. Kwa pamoja wakamgeuka Kabila mwezi Agosti 1998, wakavuka mpaka na kuanzisha vita vipya. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya usalama, na haki inatulazimu kukiri kwamba sababu hizo hazikuwa za kubuni zote: wauaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 walikuwa wamejificha ndani ya Kongo, na waasi wa Uganda walikuwa na maficho huko. Ila Kisangani iko mamia ya kilomita kutoka mpaka wowote wa nchi hizo. Askari aliyekuja kulinda mpaka alitafuta nini kwenye soko la almasi?

Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilijibu swali hilo katika ripoti yake ya Aprili 2001. Lilionyesha kwamba Uganda, nchi isiyojulikana kuwa na machimbo ya almasi, ilikuwa ikiuza almasi nje. Kuhusu Rwanda lilieleza jinsi madini ya koltani yalivyochotwa mashariki ya Kongo yakaligharimia jeshi lake. Hapo ndipo tunapowarudia wazee wetu na mumiani wao. Damu ya Kongo iliuzwa mbali, na wauzaji walikuwa wawili, na chupa ilikuwa moja.

Ugomvi ulipitia kwanza kwa vibaraka. Chama cha waasi, RCD, kilichoundwa mwaka 1998, kilipasuka mwaka 1999: upande mmoja ulibaki Goma chini ya Rwanda, na upande wa Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyepata kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukahamia Kisangani chini ya kivuli cha Uganda. Agosti 1999 majeshi mawili yakapigana jijini. Yakapigana tena Mei 2000. Makubaliano ya kuondoa majeshi jijini yalikuwa yamekwisha kufikiwa mwezi huo huo wa Mei, wino haujakauka, ilipofika tarehe 5 Juni.

Kwa siku sita mizinga ilirushwa juu ya mitaa iliyojaa watu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba zaidi ya makombora 6,600 yaliangushwa jijini. Idadi ya raia waliouawa imetajwa kuwa kati ya 244 na 760. Waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000, na kuna makadirio yanayofika 1,700. Kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa. Shule zilipigwa, hospitali pia. Mamia ya nyumba yalibomoka na maelfu mengine yakaharibiwa. Hebu msomaji azitazame vyema tarakimu hizo za vifo: kati ya 244 na 760. Pengo lake ni watu 516. Hao ni watu wa Kisangani ambao dunia haikuweza kuafikiana kama walikufa au hawakufa, ilhali makombora yalihesabiwa.

Na nani alishinda? Waganda walisukumwa hadi ng'ambo ya mto Tshopo, wakaondoka. Wanyarwanda nao wakaondoka jijini, na jiji likabaki mikononi mwa RCD-Goma, mteule wa mshindi. Mwezi Mei 2002, baada ya jaribio la uasi, wakuu wa RCD-Goma waliwaua raia na askari waliotekwa, na maiti zikatupwa mtoni kutoka daraja la Tshopo. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 160. Twalitaja hili kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba wakubwa wawili wakigombana, afadhali mmoja ashinde upesi ili tupumue.

Sasa tuingie katika sheria, ambayo ndiyo kazi yetu, na tunamwomba msomaji atuvumilie kidogo.

Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Liliyataka majeshi yote mawili yaondoke Kisangani, tena likasema kwa maneno ya wazi kwamba serikali za Uganda na Rwanda, zote mbili, zapaswa kulipa fidia kwa maisha na mali zilizoharibiwa. Zote mbili. Kongo ilikuwa imekwisha kwenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko Hague mwaka 1999. Kesi dhidi ya Uganda ikasikilizwa, na tarehe 19 Desemba 2005 hukumu ikatoka: Uganda ilivunja sheria ya mataifa, ilikalia Ituri kijeshi, askari wake waliua, walitesa na walipora, na ni lazima ilipe. Mawakili wa Uganda walikuwa wamejitetea kwamba mambo ya Kisangani hayawezi kuamuliwa bila Rwanda kuwapo mahakamani, kwa kuwa ugomvi ulikuwa wa watu wawili. Mahakama ikakataa: kila mtu na mzigo wake.

Kesi dhidi ya Rwanda ilikwisha vingine. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza. Haikusema kwamba Rwanda haina hatia, wala haikusema kwamba inayo. Haikufika huko.

Tofauti ilitoka wapi, ikiwa makombora yalikuwa sawa? Ilitoka katika karatasi moja. Tarehe 3 Oktoba 1963, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wake, Uganda iliweka tamko kwamba inakubali mamlaka ya mahakama ya Hague juu yake katika mgogoro na taifa lolote lililokubali vivyo hivyo, bila sharti jingine lolote. Kongo nayo ilikuwa na tamko lake la mwaka 1989. Rwanda haikuwa nalo. Basi, kati ya mumiani wawili waliopigana katika mtaa mmoja, siku zile zile sita, mmoja alishikwa kwa sababu serikali iliyotangulia ilikuwa imeacha mlango wazi miaka 37 kabla, na mwingine akapita kwa sababu kwake hapakuwa na mlango. Mama aliyempoteza mwanawe hakuweza kujua kombora lililomuua lilitoka upande upi wa mto. Lakini kwa sheria, haki yake yote ilitegemea hilo.

Hata huko palipokuwa na mlango, safari ilikuwa ndefu. Fidia ilitajwa tarehe 9 Februari 2022, zaidi ya miaka 16 baada ya hukumu: dola milioni 325, yaani milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali na milioni 60 kwa ajili ya maliasili. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Uganda iliamriwa kulipa kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka, na ikaanza kulipa Septemba 2022. Kinshasa ikaunda mfuko maalumu wa kuwagawia waathiriwa fedha hizo, makao yake yakiwa Kisangani kwenyewe.

Na hapo, wananchi wenzetu, akatokea mumiani wa tatu. Fedha za mfuko zikaanza kutafutiwa kazi nyingine. Mwezi Juni 2025 Waziri wa Sheria wa Kongo (wa Sheria, si wa Uvuvi) alijiuzulu, na Septemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu cha kazi ngumu kwa sababu ya takriban dola milioni 19 zilizotengwa kujenga gereza huko Kisangani, fedha zilizotoka katika mfuko wa waathiriwa. Yeye alikana mashtaka. Lakini hebu fikiri: mtu amebomolewa nyumba na makombora, amengoja miaka 22, na fidia yake inageuzwa kuwa gereza.

Kuna watakaosema, basi mahakama ina faida gani, ikiwa mshtakiwa mmoja hakugusika, fidia ilikuwa sehemu ndogo ya iliyodaiwa, na hiyo ndogo nayo ikaliwa? Tumeisikia hoja hiyo hata kwa watu waliosoma. Tunawajibu kwamba waziri yule alikamatika kwa sababu kiasi kilijulikana, mlipaji alijulikana, na mwenye haki ya kulipwa alikuwa ametajwa katika hukumu. Upande wa pili wa mto, ambako hakuna hukumu, hakuna hata cha kuibwa. Tena milango mingine imeanza kufunguka: tarehe 26 Juni 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba inayo mamlaka ya kuisikiliza kesi ambayo Kongo imeifungulia Rwanda kuhusu mapigano ya mashariki ya miaka ya karibuni. Goma ilikuwa imekwisha kutekwa na M23 Januari mwaka huo, na Bukavu Februari. Kisangani yenyewe, ya mwaka 2000, haimo katika kesi hiyo.

Turudi kwetu. Sisi Wakenya tunaijua michuano ya wakubwa, na tumezoea kuulizwa swali moja tu: uko upande wa nani? Hata chama chetu cha ukombozi wa pili kilikufa kwa swali hilo. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na kabla ya mwaka kwisha FORD ilikuwa imepasuka mara mbili, Jaramogi huku na Matiba kule; hatuwaiti mumiani, Mungu apishe mbali, waliteswa kwa ajili yetu; lakini Moi alirudi ikulu mwezi huo wa Desemba 1992 kwa asilimia 36 ya kura huku sisi tukibishana nani mkubwa. Mwaka 2007 swali likaulizwa tena, na safari hii lilijibiwa kwa panga na risasi. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Mlango wa mahakama ya jinai ya Hague ulikuwa wazi, kwa kuwa Kenya ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Roma mwaka 2005. Kesi zikaanza, zikaporomoka, ya Uhuru Kenyatta Desemba 2014 na ya William Ruto Aprili 2016. Kisha Machi 2015 ukatangazwa Bungeni mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa, ambao waathiriwa wengi wameendelea kuungoja. Katika yote hayo wakubwa waliosemekana kuwa maadui wa kufa na kupona walikwisha kukaa meza moja, wakatengana, wakapeana mikono, wakatengana tena. Waliozikwa Kiambaa hawakupeana mikono na mtu.

Sasa lile jambo la mwaka 2021. Kenya ilikuwa na tamko lake la kuikubali mahakama ya Hague inayoamua kesi za mataifa, lililowekwa mwaka 1965. Kwa tamko hilo Somalia ilitushtaki mwaka 2014 kuhusu mpaka wa bahari. Serikali yetu ilikataa kuhudhuria vikao vya Machi 2021, na tarehe 24 Septemba 2021, siku chache kabla ya hukumu ya tarehe 12 Oktoba, ikaliondoa tamko lenyewe. Hatutaki kubishana hapa kuhusu mstari wa baharini. Wakenya wengi, wakiwemo mawakili tunaowaheshimu, waliona tumeonewa, na huenda wana hoja. Tunachosema ni kwamba mlango ambao umeshikilia haki ya watu wa Kisangani, sisi tumeufunga kwetu kwa sababu ya kesi moja. Leo, jeshi letu likikosea katika mji wa jirani, au la jirani likikosea kwetu, hakuna tamko la Kenya litakalomfikisha yeyote Hague. Tumekwenda kusimama pale Rwanda iliposimama mwaka 2006. Na wananchi hawakuulizwa, ingawa Kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaja kauli ya wananchi kuwa msingi wa utawala.

Wala si kwamba tamko la 1965 lilikuwa zuri sana. Lilikuwa na matundu makubwa: lilitoa nje migogoro na wanachama wenzetu wa Jumuiya ya Madola, yaani Uganda, Tanzania na, tangu 2009, Rwanda pia, tena lilitoa nje migogoro inayotokana na ukaliaji wa kijeshi. Kwa maneno mengine, lilikataa kuhukumiwa na majirani, na lilikataa kuhukumiwa kwa vita. Kilichobaki kilikuwa kidogo, nacho ndicho kilichoondolewa.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Sisi wa Gataka tumeanza kuandika ombi hilo, na tutalipitisha kwa mkono Rongai, Kiserian, Kitengela na Kajiado mjini, kutafuta sahihi, kabla ya msimu wa uchaguzi wa 2027 haujazima sauti nyingine zote. Linataka Kenya iweke upya tamko la kuikubali mahakama hiyo, safari hii bila matundu ya Jumuiya ya Madola wala ya vita, kama lile la Uganda la 1963; linataka tamko hilo lisiondolewe tena ila kwa kura ya Bunge baada ya wananchi kusikilizwa; na linataka wajumbe wetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wawaombe wenzao wa nchi nyingine wanachama wafanye vivyo hivyo. Anayetaka nakula ya kusoma kabla ya kutia sahihi atapewa. Anayetaka kujua kwanza kama sisi tuko upande wa serikali au wa upinzani, tunamwomba aisome nakula.